Hotuba juu ya Nyumba za Kupanga Mjini Voi

Iliyotolewa na mwanachama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Taarifa ya Mweka Hazina mmekwisha kuisikia, na kila mmoja wetu amefurahi kuona ya kuwa mfuko wa mazishi u salama. Mimi sina hesabu ya kuwasomea. Nimekuja kusema juu ya jambo lisilokuwamo katika taarifa hiyo, nalo ni chumba cha kupanga cha mtu aliye hai.

Wazee wanajua jinsi mji huu ulivyokua. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwishoni mwa miaka ya 1890, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikajengwa njia ya kwenda Taveta. Yakaja mashamba ya mkonge, na mwaka 1948 ikatengwa Hifadhi ya Tsavo. Leo hifadhi za wanyama zimeshika zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu. Kwa hiyo Voi ni mji uliobanwa: huku mkonge, huku reli, huku ndovu. Kijana akishuka kutoka Wundanyi, Mbololo au Sagalla hakuti uwanja wa kujenga. Hukuta mlango wa mtu mwingine, naye hana budi kupiga hodi.

Na wapigao hodi wameongezeka. Serikali ya kaunti ilianza kazi mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilipata hati yake mwaka 2016. Reli mpya ilianza kuchukua abiria mwaka 2017. Watu husema, "Afadhali Voi, maisha ni rahisi kuliko Mombasa." Mombasa iko umbali wa yapata kilomita 150 tu, na ni kweli kodi ya hapa haijafikia ya kule. Lakini mshahara wa hapa nao haujafikia wa kule. Tena tusisahau ya kuwa wazazi wetu waliofanya kazi Mombasa waliijua taabu hii kabla yetu. Wafanyakazi wa mji ule walipogoma mwaka 1939, makao na kodi ya nyumba yalikuwa miongoni mwa malalamiko yao.

Sasa, ndugu zangu, naomba ruhusa niungame. Mimi nimekuwa mpangaji, na leo ninayo ploti ya vyumba sita. Nilipokuwa mpangaji, mwenye nyumba wangu alikuwa mtu wa kwetu milimani. Nilimlipa mkononi bila stakabadhi, maana niliona haya kumdai karatasi mtu aliyemjua baba yangu. Alipofariki, warithi wake walisema sikulipa miezi minne. Vyombo vyangu vikatolewa nje, godoro likanyeshewa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na yangu ilipotea hivyo.

Mtadhani nilijifunza. Miaka michache iliyopita alinijia kijana wa kwetu, amepata kibarua hapa mjini, akaniomba chumba. Nilimtaka kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mwingine. Alikuwa na kodi. Amana hakuwa nayo. Aliniomba ailipe kidogo kidogo. Nikamjibu ya kuwa nyumba si ya ukoo, ni ya biashara. Akaenda kupanga kibanda cha mabati bondeni. Mvua za masika zilipokuja, maji yaliingia ndani, akapoteza nguo na vyeti vyake vya shule. Mwezi uliofuata alishuka Mombasa, na hajarudi.

Kilichonichoma moyo ni jambo moja. Kijana yule alikuwa mwanachama wa chama hiki, na ada yake ya mazishi alikuwa amelipa yote. Wazee wangu, kama angalikufa usiku ule wa mvua, tungalimnunulia jeneza, tungalikodi gari, tungalimpandisha mlimani kwa heshima na nyimbo. Lakini kwa kuwa alikuwa hai, hapakuwa na mmoja wetu, nami wa kwanza, aliyemtafutia amana ya chumba kimoja.

Sisemi haya ili kuwalaumu wenye nyumba peke yao. Wako wajane ambao kodi ya vyumba viwili ndiyo karo ya watoto wao. Wako waliojenga kwa mkopo, na benki haisubiri. Tena wako wapangaji wahamao usiku, wakaacha deni la maji na mlango uliovunjika. Mwenye nyumba anaogopa, na mpangaji anaogopa, na kati ya hofu hizo mbili hapana kitu kilichoandikwa.

Voi yetu hii imewahi kuonyesha mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi wa kijiji cha Tanzania-Bondeni, waliokuwa wakiishi bila hati, walikubaliana kuishika ardhi yao kwa pamoja chini ya amana ya jumuiya. Mtu aliweza kuuza au kurithisha nyumba aliyoijenga, lakini ardhi yenyewe ilibaki kuwa ya wote, ili matajiri wasije wakainunua na kuwahamisha maskini. Mpango ule ulikuwa na shida zake, nami sisemi tuuige wote. Nasema tu ya kuwa watu wasio na fedha nyingi walikaa chini, wakashauriana, wakaandika.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Kudhibiti Kodi, yaani Sura ya 296, iliwekwa kwa nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kipimo chake ni kodi ya tarehe 1 Januari 1981. Chini ya sheria hiyo mwenye nyumba hana ruhusa ya kumtoa mpangaji kwa nguvu zake mwenyewe bila amri ya baraza lake. Kiwango hicho kimezeeka, na wengi wetu hata hatukijui. Lakini mtu asiye na karatasi wala stakabadhi ataanzaje kusimama mbele ya baraza lolote?

Kwa hiyo naleta maombi matatu mbele ya mkutano huu.

La kwanza: katika kila shilingi kumi zinazoingia katika mfuko wetu, shilingi moja itengwe iwe mkopo wa amana ya nyumba. Fedha zipewe mwenye nyumba moja kwa moja, na mwanachama azirudishe katika muda wa miezi sita.

La pili: Katibu atayarishe mkataba mfupi wa Kiswahili, nakala mbili, ulio wazi: kodi ni kiasi gani, hulipwa tarehe gani, maji na umeme ni juu ya nani, na ilani ya kuhama ni ya muda gani. Anayelipa kwa simu asifute ujumbe, maana ujumbe huo ni ushahidi.

La tatu: wachaguliwe wazee watatu, akina mama wakiwamo, wasikilize magomvi ya kodi kati ya wanachama kabla mtu hajafungiwa mlango.

Najua wako watakaosema ya kuwa mfuko wa mazishi usiguswe. Nawaheshimu, maana maiti hawezi kujisemea. Lakini kijana mgeni mjini naye hajui pa kusemea. Methali yatuambia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunampa jembe siku ya kwanza, tukasahau ya kuwa jioni atatafuta pa kuliweka.

Kwa upande wangu, chumba kimoja katika ploti yangu nakitoa leo kwa jaribio hili, bila amana kwa mwaka mmoja, apewe mwanachama ambaye Halmashauri itamchagua. Yule kijana nimempelekea salamu, wala sijapata jibu.