Dhuluma kwa Njia ya Simu: Juu ya Namba Bandia za Huduma kwa Wateja

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wa Bukoba na Muleba



Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya wizi ambao kwa sura yake ya nje haufanani na wizi. Tapeli tuliyemzoea humfuata mtu nyumbani au barabarani, au humpelekea ujumbe wa simu usemao, "Ile hela tuma kwa namba hii." Huyu ninayetaka kumweleza leo hamfuati mtu. Hukaa mahali akangoja, naye mwenye mali ndiye amtafutaye, akampigia simu kwa salio lake mwenyewe, tena akamshukuru kwa kupokea. Ndiyo maana hata watu waangalifu, waliokwisha kuzoea kufuta jumbe za matapeli bila kuzisoma, hunaswa kwa njia hii.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kamachumu amepokea fedha za kahawa yake. Anataka kumtumia mwanawe aliyeko Mwanza ada ya shule, anakosea tarakimu moja, na fedha zinakwenda kwa mtu asiyemjua. Amepata kusikia kwamba kampuni ya simu yaweza kuzirudisha iwapo taarifa itatolewa mapema. Anapiga 100. Sauti iliyorekodiwa inamtaka abonyeze moja, kisha tatu, kisha nyota; muziki unalia; dakika zinapita. Mjukuu wake mwenye simu ya kisasa anasema, "Bibi, ngoja nikutafutie namba nyingine." Anaandika katika intaneti jina la kampuni na maneno "huduma kwa wateja", na mara inatokea namba yenye tarakimu kumi, chini ya nembo ya kampuni na rangi zake zote. Wanapiga. Inapokelewa papo hapo. (Kwa yeyote aliyewahi kungoja huduma kwa wateja, jambo hilo peke yake lingetosha kumtia shaka.)

Sauti ya upande wa pili ni ya upole. "Pole sana mama, fedha zako tunaziona, zimezuiwa, bado hazijatolewa." Anaulizwa jina, kiasi alichotuma, na salio lililobaki. Kisha anaelekezwa kufungua menyu ya fedha katika simu yake na kuchagua moja. "Sasa ingiza namba ya faili nitakayokusomea." Namba hiyo ya faili huanza na 07 au 06, nayo ina tarakimu kumi, yaani ni namba ya simu. "Ingiza sasa namba ya madai, 480000." Hiyo si namba ya madai; ni kiasi chote kilichobaki katika akaunti ya mama. Halafu yafuata maneno ya ujanja kuliko yote: "Ingiza namba yako ya siri, lakini mama usinitajie, hiyo ni yako peke yako."

Naomba tusimame hapo kidogo. Kwa miaka mingi tumefundishwa, nasi tumewafundisha wengine, kwamba usimtajie mtu namba yako ya siri. Fundisho hilo ni zuri, lakini halimkingi mama huyu, kwa sababu hakumtajia mtu. Ameiingiza yeye kwa kidole chake, katika menyu halali ya kampuni, akidhani anarudishiwa fedha kumbe anazituma. Katika huduma nyingi simu huonyesha jina la atakayepokea na kiasi kabla muamala haujakamilika. Tapeli analijua hilo, kwa hiyo humharakisha: "Usisome hayo, ni maandishi ya mfumo, faili litafungwa." Mtu yeyote anayekuzuia kusoma kilichoandikwa katika kioo cha simu yako, mkatie simu, hata kama sauti yake ni ya adabu kupita ya paroko.

Wenye simu kubwa wana hatari nyingine zaidi. Wao huambiwa wapakue programu ya msaada, kama vile AnyDesk, ambayo kwa asili yake ni chombo halali cha mafundi. Programu hiyo humwezesha mtu aliye mbali kuona kioo cha simu yako, hata zile namba za muda ambazo benki hukutumia kwa ujumbe.

Je, namba hizo bandia zimeingiaje katika intaneti? Wengi wetu tunaichukulia Google kana kwamba ni kile kitabu cha simu cha enzi za Shirika la Posta na Simu. Kitabu kile kilichapwa na wenye simu wenyewe. Aliyeandikwa humo alikuwa amefungiwa waya hadi mlangoni pake. Mitambo ya utafutaji haifanyi kazi hivyo. Hukusanya yaliyoandikwa na watu wa kila namna, ikayapanga kwa kadiri inavyodhani yatakufaa, na juu kabisa yaweza kuweka matangazo yaliyolipiwa, yenye alama ndogo ambayo mtu mwenye haraka haioni. Katika Facebook mtu yeyote aweza kufungua ukurasa na kuupa jina na nembo ya kampuni kubwa. Wengine hawahangaiki hata kufungua ukurasa: huvizia katika ukurasa halali wa kampuni, na mteja anapoandika malalamiko yake, wao humjibu haraka, "Pole ndugu mteja, piga namba hii." Siku hizi zimekuja pia programu za akili bandia zinazojibu maswali. Nazo huokota majibu mengi katika maandishi hayo hayo, na zaweza kukutajia namba ya mwizi kwa lugha ya uhakika.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 2018 huko India, katika jimbo la Maharashtra, iligundulika kwamba matapeli walikuwa wakibadilisha namba za matawi ya benki katika ramani za Google. Ramani hizo humruhusu msomaji wa kawaida kupendekeza masahihisho. Basi jina la benki lilikuwa sahihi, mtaa ulikuwa sahihi, picha ya jengo ilikuwa sahihi; namba ya simu tu ndiyo ilikuwa ya mwizi.

Nasi wa Kagera tuna kumbukumbu yetu iliyo karibu na jambo hili. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, watu wa nchi nzima walichangia walioathirika kupitia akaunti iliyoitwa Kamati Maafa Kagera. Kabla mwezi haujaisha, Ikulu ilitangaza kutengua uteuzi wa maofisa wa serikali mkoani kwetu, kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na la akaunti ile rasmi. Si kazi yangu hapa kuhukumu ya watu hao. Nalitaja kwa sababu linaonyesha wazi kwamba jina sahihi halithibitishi kuwa namba iliyo chini yake ni sahihi.

Basi namba itoke wapi? Itoke katika kitu ulicho nacho mkononi tayari, ambacho ulikabidhiwa na kampuni yenyewe. Kwa simu, piga 100 ukitumia laini ya kampuni hiyo hiyo. Namba fupi za namna hii hupangwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, wala haziuzwi mitaani kama laini za kawaida. Kwa benki, soma mgongo wa kadi, au nenda katika tawi ulikofungulia akaunti. Sitaandika hapa namba ya benki yoyote, nami nawasihi msiipokee hata kutoka katika kijitabu kama hiki, kwa maana vijitabu navyo hunakiliwa na kubadilishwa.

Hadhari hiyo yahitajika zaidi wakati wa mabadiliko. Mwaka 2024 kampuni ya Tigo ilichukua jina la Yas, na Tigo Pesa ikaitwa Mixx by Yas. Mabadiliko hayo yalikuwa halali kabisa. Lakini mzee aliyezoea jina la kwanza, siku akihitaji msaada, atamwomba kijana amtafutie kwa jina jipya asilolifahamu vema, na hapo hawezi tena kutofautisha lililo geni na lililo bandia.

Sasa niseme neno la haki, maana bila hilo tutakuwa tumewahubiria wanyonge peke yao. Mama yetu wa Kamachumu hakwenda katika intaneti kwa kupenda anasa. Alikwenda kwa sababu mlango halali ulikuwa mgumu kufunguka. Ni rahisi kumwambia mtu wa mjini Bukoba, "Nenda dukani kwa kampuni." Mvuvi aliyeko Goziba au Bumbire hana budi kungoja chombo, kuvuka ziwa, kupoteza siku ya kazi na kulipa nauli ambayo huenda inazidi fedha aliyoipoteza. Mzee azungumzaye Kihaya vizuri kuliko Kiswahili hushindwa kuifuata ile sauti iliyorekodiwa. Kampuni inayopata faida kwa kila shilingi tunayotuma ina wajibu wa kupokea simu ya mtu huyo kwa wakati. Huo si ukarimu. Ni sehemu ya huduma aliyokwisha kuilipia. Yatupasa tuyaseme hayo mbele ya kampuni na mbele ya TCRA, kwa barua zenye tarehe na muda tuliosubiri, si kwa manung'uniko ya barazani.

Hali kadhalika tuache kuwacheka walioibiwa. Aliyeibiwa kahawa yake shambani hutangaza, na majirani humpa pole. Aliyeibiwa kwa simu huficha, mara nyingine hata mwenzi wake wa ndoa hamwambii, kwa kuogopa kuitwa mjinga. Ukimya huo humfaa mwizi peke yake, kwani namba ile ile hubaki ikifanya kazi hadi kwa jirani. Wala tusiwatukane watu wa mkoa fulani. Ni kweli kwamba taarifa za TCRA zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa namba za utapeli, lakini wapo huko wakulima wengi kama sisi, nao huibiwa kama sisi.

Ikitokea mtu ameibiwa, kwanza apige 100 papo hapo, avumilie hata kama simu inachelewa, aombe fedha izuiwe kabla haijatolewa kwa wakala. Asifute ujumbe wowote. Namba ya tapeli aipeleke kwa 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa ajili hiyo. Kisha aende polisi apate RB, akiwa ameandika katika karatasi saa aliyopiga, namba aliyoipiga, na jina lililoonekana katika ujumbe wa muamala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu wa namna hii kuwa jinai, na vilevile kitendo cha kujifanya mtu mwingine. Kwa hiyo asikubali kujibiwa kwamba ni uzembe wake.

Jina hilo lililoonekana katika muamala ndilo linalonileta kwenye jambo langu la mwisho, ambalo naona linatugusa kwa karibu zaidi. Tangu Mei 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Wengi huuliza: basi matapeli wanapata wapi laini? Wanazipata kwa vidole vya watu wengine. Msajili asiye mwaminifu humwambia mwanakijiji, "Alama haijasoma, weka tena," na kumbe kila anapoweka kidole inasajiliwa laini nyingine kwa jina lake. Wapo pia wanaokubali kwa hiari kusajili laini kwa malipo ya shilingi elfu chache, bila kuuliza itatumika wapi. Polisi wakifuatilia, mlango watakaogonga ni wa mwenye kidole.

Kwa hiyo naomba kila kiongozi, katika mkutano wa jumuiya yake wa juma hili, awaombe wanajumuiya wachukue simu zao na kubonyeza *106#, ili waone laini zilizosajiliwa kwa namba zao za NIDA. Wasiojua kusoma wasaidiwe na mtu wa nyumbani mwao. Atakayekuta laini asiyoijua aende na kitambulisho chake katika duka la kampuni husika, aombe ifungwe, na asiondoke kabla ya kubonyeza *106# mara ya pili na kuona kwamba imeondolewa.