Kutembelea Berlin kwa Fedha Kidogo

Ukijaliwa kufika Berlin na mfuko wako ni mwepesi, usipande teksi. Kata tikiti ya basi namba 100, litokalo Alexanderplatz kwenda kituo cha Zoo. Litakupitisha karibu na Lango la Brandenburg na jumba la Bunge. Kuba la Bunge hupandwa bure, ila peleka jina lako mapema, na pasipoti uwe nayo. Chakula, nunua mkate dukani ule bustanini, hakuna atakayekucheka.

Fedha uliyoibana itumie katika Makumbusho ya Viumbe. Hapo pana kiingilio, nami nasema kilipe. Ndani kimesimama kiunzi cha mifupa ya mjusi mkubwa, kimo chake zaidi ya mita 13. Mjusi huyo ni wa kwetu Lindi. Mifupa ilichimbwa Tendaguru, mwaka 1909 hadi 1913. Wajerumani waliongoza kazi, lakini msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na wapagazi waliibeba kwa miguu siku nne mpaka bandarini Lindi. Ukiulizwa hapo unatoka wapi, mwonyeshe mwulizaji mjusi.