Baba, Tumekwama: Sala ya Mtoto Wakati wa Shida

(Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia)

 

Nimeombwa niseme juu ya sala wakati wa shida. Sitasema mengi, maana jua linapanda na wengine mmeacha ng'ombe hawajanyweshwa. Nina neno moja tu. Shida ikija, mwambie Mungu kama mtoto anavyomwambia mzazi wake. Itaje ilivyo, kaa karibu naye, kisha uinuke ufanye lililo mbele yako.

Shida tunazijua. Kuanzia mvua fupi za mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki mwa Kenya. Mifugo ilikufa, na watu walitembea mbali kutafuta maji. Kisha mwezi wa Aprili na Mei, mwaka 2024, yakaja mafuriko. Kule Mai Mahiu maji yalishuka kabla ya mapambazuko, watu wakiwa wamelala. Nchi iliyokuwa ikilia mvua inyeshe ikalia mvua ikome. Siku kama hizo maneno mazuri huisha mdomoni, na mtu husema, "Mimi siwezi kuomba, sijui nianzie wapi."

Mtoto huombaje?

Jamani, mtoto hasemi hivyo. Akisikia njaa haji jikoni na kusema, "Ewe mama mtukufu, mwenye sufuria na mwiko, uliyenilisha jana na juzi, nakusihi unikumbuke." Husema, "Mama, njaa!" Akichomwa na mwiba, haelezi habari za miiba yote ya kijiji. Huinua mguu akaonyesha. Na asipojibiwa mara moja, haendi kutafuta mama mwingine. Humshika leso akarudia lile lile.

Bwana Yesu alitufundisha vivyo hivyo. Katika Mathayo 6:7-8 anatuonya tusidhani kwamba tutasikiwa kwa sababu ya wingi wa maneno, kwa kuwa Baba anajua haja zetu kabla hatujaomba. Mtu atauliza, "Kama anajua, ya nini kumwambia?" Mama naye anajua kwamba saa saba mtoto ana njaa. Lakini mtoto anapokuja na kusema, anakuwa karibu na mama, na anajua ni nani anayemtegemea. Sala haimpelekei Mungu habari mpya. Inatuleta sisi kwake.

Tazameni watu wa Biblia. Petro alipoanza kuzama ziwani hakuwa na nafasi ya sala ndefu. Alimlilia Bwana amwokoe, basi, na mkono ukanyoshwa (Mathayo 14:30-31). Mtoza ushuru hekaluni aliomba rehema kwa maneno machache, akarudi nyumbani amekubaliwa kuliko yule Mfarisayo aliyehesabu matendo yake mema (Luka 18:9-14). Hana alikuwa na uchungu hata midomo ikacheza bila sauti, na kuhani Eli akadhani amelewa. Lakini baada ya kumimina moyo wake alikwenda akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena, ingawa mtoto alikuwa bado hajapatikana (1 Samweli 1:9-18). Mfalme Hezekia alipoletewa barua ya vitisho, aliipeleka nyumbani mwa Bwana akaikunjua mbele zake (2 Wafalme 19:14). Mfalme mzima! Alifanya kama mtoto anayeonyesha mguu wenye mwiba.

Basi nawe kunjua barua yako: deni la mbegu, karo ya shule, karatasi ya hospitali. Iweke mbele za Bwana, useme, "Baba, hii hapa."

Utoto wa moyo, si wa akili

Lakini tusikilizane vizuri. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho wawe wachanga katika uovu, bali katika akili wawe watu wazima (1 Wakorintho 14:20). Kuomba kama mtoto si kukaa chini ukingoja Mungu akulimie shamba.

Nehemia na wenzake walipotishwa, walimwomba Mungu na pia wakaweka walinzi usiku na mchana (Nehemia 4:9). Ukuta ulimalizika kwa siku 52. Hezekia naye alipougua aliomba kwa machozi, na bado nabii Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20:1-7). Kwa hiyo asije mtu akakwambia kwamba ukimeza dawa huna imani. Omba, na uende zahanati. Mungu ni mmoja.

Ukambani vikundi vya mwethya vimejenga mabwawa ya mchanga. Huchimba mto wa msimu mpaka kwenye mwamba, wakajenga ukuta. Mvua ikija, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga ambako jua haliyakaushi upesi. Kazi kama hiyo ni vizuri kuifungua kwa sala, lakini baada ya amina lazima mawe yabebwe.

Jibu likikawia

Sasa nafika mahali pagumu. Wako hapa waliomba mvua na mahindi yakakauka. Wako waliomba mgonjwa apone na wakamzika. Tuwaambie nini?

Tusiwaambie kwamba imani yao ilikuwa ndogo. Hilo ni kuongeza jiwe juu ya mzigo. Katika bustani ya Gethsemane Bwana Yesu mwenyewe aliomba kama mtoto. Alimwita Mungu Aba (Marko 14:36), akaomba kikombe kiondolewe. Aliomba mara tatu kwa maneno yale yale (Mathayo 26:44). Kikombe hakikuondoka. Je, alikosa imani? La. Alijiachia mikononi mwa Baba, na siku ya tatu tukaona Baba hakumtupa.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Baba yetu hafanyi hivyo. Mengine hatupi kwa sababu ni wembe. Na mengine yaliyo mema kabisa hatukuyapata, wala hatujui sababu. Hapo mtoto hulia, lakini hulia akiwa kifuani mwa mzazi.

Tena jihadharini na anayetaka pesa ndipo akuombee. Mtoto halipi ada ili asikilizwe na baba yake. Mama, usiuze kuku wako wa mwisho ili kununua sala. Umeshapewa ruhusa ya kuingia mwenyewe.

Katika mikutano yetu

Mara nyingi tunafungua mkutano kwa sala ndefu inayozunguka dunia nzima, na ile shida iliyotuleta haitajwi. Nawashauri haya manne:

1. Taja shida yenyewe kwa jina. Kama pampu imeharibika, sema pampu.

2. Kila mmoja aombe kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo. Wanafunzi waliwazuia watoto wasimfikie Yesu, naye akawakemea (Marko 10:13-16). Tusimzuie mama mzee kwa sababu hajui Kiswahili sanifu.

3. Usitangaze siri ya mwenzako ndani ya sala. Ugonjwa wa mtu au ugomvi wa nyumba yake usitajwe mpaka yeye akubali. Kusema "tumwombee" hakugeuzi umbeya kuwa sala.

4. Baada ya amina, ulizeni: "Nani atafanya nini, na lini?" Katibu aandike.

Na anayeona hata hayo hayawezi, aanze na sala hii fupi: "Baba, kisima kimekauka. Watoto wana kiu. Tunaogopa. Tusaidie leo, na utuonyeshe la kufanya. Kwa jina la Yesu, amina." Hakuna neno gumu hapo, na hakuna lililofichwa.

 Mungu awabariki.

*Maswali ya kujadiliana katika kikundi:*

1. Ni shida gani tunayoogopa kuitaja, hata katika sala? Kwa nini?

2. Tunamtendeaje mwanachama ambaye ombi lake halijajibiwa?

3. Ni jambo gani tuliloliombea mwaka huu ambalo mikono yetu bado haijaligusa?