Nyeri ina seneta, Washington haina



Naanza na hesabu. Sensa ya 2019 ilipata watu 759,164 katika kaunti ya Nyeri. Sensa ya Marekani ya 2020 ilipata watu 689,545 Washington, mji mkuu wao. Tumewazidi kidogo. Lakini Nyeri ina seneta, mwakilishi wa kike na wabunge sita. Wale wa Washington wanalipa kodi kama Wamarekani wengine, ila hawana seneta hata mmoja, na mjumbe wao bungeni haruhusiwi kupiga kura ya mwisho ya kupitisha sheria. Mwaka 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuufanya mji huo jimbo kamili. Ukakwama kwenye Seneti.

Usiwacheke. Kabla ya katiba ya 2010, Mkoa wa Kati wote uliendeshwa kutoka hapa Nyeri na PC. Wabunge tulikuwa nao, ndiyo, lakini huyo PC nani alimchagua? Si babako, si mamako. Aliteuliwa na Rais, na ni Rais aliyemjibu.

Katiba mpya ikaleta kaunti 47, na Nairobi ni mojawapo. Mji mkuu wetu ukapata gavana, seneta na wabunge 17. Lakini Februari 2020, gavana Mike Sonko alitia saini kukabidhi serikali kuu afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji. Kazi hiyo ikapewa NMS chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi, aliyeteuliwa na Rais. Kuna waliosema kazi inaonekana. Sawa. Na isingeonekana je? Ungemtoa kwa kura gani?

Hilo ndilo neno langu leo. Kifungu cha 174 cha katiba kinasema ugatuzi ni pamoja na kulinda haki za walio wachache. Sisi Waislamu wa Nyeri, Karatina na Nanyuki tunajijua tuko wangapi. Haki hiyo haijilindi yenyewe. Kaunti ikiita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, nenda, keti, uliza swali. Hujajiandikisha kupiga kura? Beba kitambulisho, ingia ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako. Usingoje foleni za mwisho kabla ya Agosti 2027.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Wenzetu wa Washington wako nje kwa sababu mlango umefungwa. Wewe wako uko wazi. Ingia.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum.