Ukimya Wetu na Afya ya Mabinti Zetu



Sisi wa Tume ya Haki na Amani tumekuja kuzungumza nanyi hapa Babati juu ya jambo ambalo wengi wetu twalifahamu, lakini hatulitaji kanisani: ukeketaji.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Mkoa wetu wa Manyara, wanawake 43 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Kwa nchi nzima walikuwa 8. Katika utafiti wa miaka ya 2015 na 2016, Manyara ilikuwa na 58. Basi mila hii inapungua, lakini haijakoma.

Tangu mwaka 1998 sheria inatamka kwamba mwenye dhamana ya malezi ya mtoto wa chini ya miaka 18, akimkeketa au kusababisha akeketwe, aweza kufungwa miaka 5 hadi 15. Kwa kuogopa mkono wa sheria, baadhi ya familia huwakeketa watoto wachanga kwa siri. Binti huyo hubalehe akiwa na kovu asilolikumbuka wala kuelezwa. Pengine hulitambua siku ya kujifungua, linapochanika na damu kumtoka kwa wingi.

Wengine husema kukeketa hutibu lawalawa. Ndugu zetu, lawalawa ni maambukizo ya sehemu za siri na njia ya mkojo. Dawa yake iko zahanati, haiko kwa ngariba.

Hatuwashtaki bibi zetu, kwani nao walirithishwa. Lakini sisi tuliokwisha kuelimishwa hatuna udhuru. Kwa hiyo tunawaomba mambo manne.

Kwanza, baba na mama wawaambie bibi na shangazi msimamo wao kabla mtoto hajazaliwa. Baba asiseme kuwa hayo ni mambo ya wanawake.

Pili, wasimamizi wa ubatizo wafuatilie usalama wa mtoto waliyemsimamia.

Tatu, binti anayebalehe aelezwe ukweli juu ya mwili wake, na akiwa na maumivu apelekwe hospitali bila kuaibishwa.

Nne, binti akiwa hatarini, jumuiya imjulishe ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, au ipige simu namba 116 bila malipo.

Tusisubiri mazishi ndipo tuseme tulijua. Mungu awabariki.