Njia ya Juu, Kutoka Rabai Hadi Kilifi

Asubuhi hii nataka kuzungumza nanyi hasa, watu wa baiskeli. Wenye magari wasiondoke.

Mimi ni mchungaji katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Agosti mmoja gari langu liliharibika, na fundi akaniambia ningoje majuma matatu. Nami katika majuma hayo nilitakiwa mkutanoni Kilifi. Njia ya kawaida ni kupanda matatu pale Mazeras, kushuka Mombasa, kisha kupanda nyingine ya Kilifi kwa barabara kuu ya pwani. Msharika mmoja ambaye hutengeneza baiskeli akanicheka. "Bwana Mchungaji," akasema, "kwani wewe hujui njia ya juu?" Akaniazima baiskeli yake, ile nyeusi nzito ambayo sisi Wakenya tumeizoea kuiita Black Mamba, isiyo na gia hata moja, na yenye karia ya kubebea magunia. Akaipaka mnyororo mafuta, akapiga tairi pampu, akanipa kiraka na solusheni, akasema, "Nenda polepole."

Njia ya juu ni hii: unatoka Rabai, unapita nchi ya Waribe, Wakambe na Wajibana, unafika Kaloleni, kisha unapita kwa Wachonyi huku ukiteremka, hata unatokea Mavueni karibu na Kilifi. Baada ya kuiacha Mazeras na malori yake yanayokwenda Nairobi, unaweza kuhesabu magari kwa vidole kwa muda mrefu. Vilima vyenyewe si virefu. Mtu wa Taita angevicheka. Lakini ni vingi, vinafuatana kama mawimbi, na kila ukimaliza kimoja unakiona kingine kimekaa mbele yako na minazi kichwani.

Niliondoka kabla ya jua. Nawashauri nanyi mfanye hivyo, maana asubuhi upepo bado umelala, na jua la saa sita katika vilima vile halina huruma. Kwenye mpando, kama huna gia, shuka usukume, hakuna aibu. Kwenye mteremko usishike breki ya mbele peke yake kwa nguvu, utaruka juu ya usukani. Shika zote mbili kwa kiasi, uachie, ushike tena. Na vaa helmeti, hata kama watoto watakucheka. Mimi walinicheka.

Pale Rabai ndipo Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walipoanzisha kituo cha misheni mwaka 1846. Watu hao walitembea. Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa, kama tunayoijua leo, ilitokea Uingereza mwaka 1885, na Krapf alikuwa amefariki mwaka 1881. Tairi la upepo likaja mwaka 1888, kwa kazi ya daktari wa wanyama, John Boyd Dunlop, aliyetaka kigari cha mwanawe kisitikisike mno. Rebmann alikwenda kwa miguu kutoka Rabai hata akaiona Kilimanjaro mwezi Mei mwaka 1848, na wasomi wa Ulaya walipopata habari za theluji karibu na ikweta, wako waliokataa kusadiki. Lakini mtu wa kwanza kubatizwa kwa kazi yao hakuwa mtu wa safari. Ni Mringe, aliyekuwa kiwete, naye alibatizwa mwaka 1851 akiwa karibu kufa. Nimelisema jambo hili mara nyingi mimbarani, tena kwa fahari, kana kwamba ni mimi niliyeketi karibu naye.

Mpando mmoja hivi, baada ya Rabai, nilishuka nikaanza kusukuma. Kulikuwa na kimya. Katika kimya hicho mtu husikia mambo: jogoo wa ng'ambo ya bonde, mtoto anayekariri hesabu, shoka, mnyororo wa baiskeli yake mwenyewe. Nikasikia pia sauti ya mwanamke aliyekuwa chini ya mwembe akishona makuti. Alisema, bila kuinua macho, "Leo gari limekufa?"

Nikamwamkia. Akaitikia. Nikamtambua kuwa ni mama aliyekuwa msharika wetu, ambaye sikumwona kanisani kwa muda, na katika daftari langu nilikuwa nimeandika kwamba "amepoa". Nikamwuliza habari za nyumbani, kama tunavyouliza. Akaendelea kushona. Kisha akaniambia kwamba mjukuu wake, kijana wa shule, alikufa kwa homa mwaka uliopita. Msiba ulikuwa hapo hapo, chini ya mwembe ule. Gari langu lilipita siku ya pili ya matanga, vioo vimefungwa.

Nikamwambia ukweli, kwamba vioo nilifunga kwa ajili ya vumbi, na kwamba habari ya msiba ilinifikia baada ya mazishi, nikafikiri ya kuwa mwinjilisti alikwisha kwenda. Akasema, "Sisi tulidhani ni kwa sababu hatukutoa mchango wa jengo." Hakusema kwa hasira. Akachukua kuti jingine. Kisha akauliza, "Jina lake unalijua?"

Ndugu zangu, sikulijua. Mtoto yule nilimbatiza mimi.

Alinikatia dafu, maana mgeni ni mgeni. Nikalinywa. Sikuwa na neno la kusema ambalo lingefaa, na nadhani lau ningelisema, lisingekuwa na faida. Alinitajia jina, mara moja tu, nikaondoka nikisukuma.

Njia yote hata Kaloleni nililirudia jina hilo. Baiskeli ni chombo cha ajabu kwa kazi hiyo. Miguu inazunguka, moyo nao unazunguka na jambo lile lile, wala hakuna redio ya gari ya kukusahaulisha. Nilipita misitu ya kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoandikwa mwaka 2008 katika urithi wa dunia. Ukiwa njiani utaiona imesimama kwenye vichwa vya vilima, ya kijani nzito kuliko mashamba yaliyoizunguka. Msiingie bila ruhusa ya wazee. Pale Kaloleni nilinunua mahamri na chai. Baada ya hapo, nchi ikaanza kushuka taratibu, mikorosho na miembe, tena vilima, tena kushuka, hata alasiri nikahisi upepo wenye chumvi kabla sijaiona bahari yenyewe.

Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 8, iko habari ya Filipo. Alikuwa Samaria, mahali penye watu wengi na kazi iliyofanikiwa, naye akatumwa kwenye njia ya Gaza, njia isiyopitiwa na wengi. Zamani nilidhani ugumu wa agizo lile ni kuacha mkutano mkubwa. Baada ya safari hii nasoma jambo jingine. Filipo alimsikia yule Mwethiopia akisoma. Alimsikia kwa masikio! Sasa mfikirieni mtu anayesoma kwa sauti ndani ya kigari, na mwingine anayekwenda kwa miguu kando yake. Katika barabara yenye kelele asingesikia neno. Tena, akisikia, hakuanza kuhubiri. Aliuliza swali kwanza. Mimi pale kwenye mwembe niliulizwa badala ya kuuliza.

Mkutano wa Kilifi sina haja ya kuwaeleza, ulikuwa mkutano. Ulipokwisha, ndugu mmoja mwenye gari akataka kuifunga baiskeli juu ya paa anirudishe kwa njia ya Mombasa. Nilikataa, naye akaona kama nimechukizwa. Katika mlango wa 20 wa kitabu hicho hicho, wenzake Paulo wanasafiri kwa merikebu kutoka Troa, naye anakwenda Aso kwa miguu peke yake. Luka hasemi sababu. Nina hotuba moja ya zamani inayoeleza sababu hiyo kwa urefu, na sitaihubiri tena.

Kesho yake alfajiri nilikwenda kwanza Takaungu, mji wa kale wa Waswahili ulio kusini ya Kilifi. Kipande cha barabara kuu nilikipita mapema, kabla ya mabasi ya Malindi kuanza mbio zao, nikishika ukingo kabisa. Sikipendi, wala sitamwambia kijana yeyote akipite usiku. Agosti ni wakati wa kusi, na kusi huvuma kutoka kusini, kwa hiyo nilikuwa nikienda uso kwa uso nayo. Ukipigana na upepo kwa baiskeli isiyo na gia, inama, punguza mwendo, usihesabu maili. Kisha nikachepuka kuelekea baharini, magari yakabaki nyuma, nikaona mkonge huku na huku, na mwisho wa njia kuna mkono wa bahari, maji ya kijani, na misikiti, na watu wakanikaribisha "Karibu, mwalimu," ingawa nilikuwa nimevaa kola yangu.

Nikaketi pale penye maji. Bahari ilikuwa inakupwa. Nilitoa daftari langu, lile la wasiohudhuria, nikatafuta ukurasa wa mama yule nikafuta neno nililoandika. Kisha nikasoma majina mengine. Yalikuwa kumi na manne, na kati ya hayo saba ni ya watu wanaokaa kando ya barabara ninayoipita kwa gari kila juma.

Kurudi ni kupanda. Kutoka Mavueni hata Kaloleni nilisukuma zaidi kuliko nilivyoendesha, nikapata pancha moja, watoto wakanisaidia kuitafuta kwa beseni la maji, tukaipata, tukabandika kiraka. Nikalala Kaloleni. Asubuhi ya nne nilifika kwenye mwembe. Mama alikuwapo, na makuti yalikuwa yameongezeka rundo. Safari hii nilibisha hodi, ingawa hapakuwa na mlango. Nikamwuliza kama angenionyesha kaburi.

Akaweka chini kuti lililokuwa mkononi, akasimama kwa shida, akasema, "Ilaze baiskeli hapo, haitaibwa." Tukaenda nyuma ya nyumba. Tulikaa muda mrefu, naye alinisimulia habari za mtoto: kwamba alipenda hesabu, na kwamba alikuwa anajifunza kuendesha baiskeli ya mjomba wake kwa kupitisha mguu chini ya bomba, maana kiti hakukifikia.

Gari langu lilipona baada ya majuma matano, si matatu. Baiskeli nimeirudisha kwa mwenyewe, kisha nikanunua yangu, kuukuu, na siku za Jumatano ndiyo ninayoitumia. Katika majina yale kumi na manne nimefika kwa tisa. Mama wa makuti hajarudi kanisani bado. Jumatano nikipita huniuliza kama mnyororo nimeupaka mafuta.