Stesheni Tatu za Mji Mmoja: Dar es Salaam na Abiria Wake



Dar es Salaam ina stesheni kuu tatu za reli, na reli zake tatu hazilingani upana. Reli ya Kati ina milimita 1,000, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina 1,067, na reli mpya ya kiwango cha kimataifa (SGR) ina 1,435. Behewa la njia moja haliwezi kupita kwenye nyingine. Hoja yangu jioni hii ni kwamba vipimo hivyo, pamoja na majengo yaliyojengwa kando yake, vinatuonyesha kila zama ilimjengea nani.

Wajerumani walianza kutandika Reli ya Kati mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa mlangoni. Stesheni yao waliiweka jirani na bandari, kwa kuwa kazi ya kwanza ya reli ile ilikuwa kufikisha mazao ya bara melini. Mahali palichaguliwa kwa ajili ya mzigo. Abiria alikuja kunufaika baadaye, Kariakoo ilipokua na kuwa soko la nchi nzima karibu na hapo.

TAZARA ina nasaba nyingine. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya kupitisha shaba yake pasipo kuwapigia magoti. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakakubaliana na China. Ujenzi ulianza 1970, na mwaka 1976 reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa. Upana wake ulifuata reli za Zambia na kusini mwa Afrika. Stesheni yake, kwenye barabara ya Pugu ambayo leo ni ya Nyerere, ilijengwa kwa fahari: ukumbi mpana, dari la juu, zege lisilo na haya. Mkulima wa Mlimba anayeshuka pale anapokewa na jengo linalomwambia kwamba nchi ni yake.

Akitoka nje, habari inabadilika. Tuseme anaelekea Tanga. Mabasi ya mikoani yalihamishiwa Ubungo, na tangu 2021 kituo chao kikuu kiko Mbezi Luis, pembezoni mwa mji. Itambidi apande daladala, abadilishe, asukumane na mizigo yake mkononi. Mwaka 2018 Daraja la Mfugale lilifunguliwa kwenye makutano ya TAZARA ili magari yasikwame. Huyu wa miguu bado anangoja zamu yake.

Mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza safari za Morogoro, kisha Dodoma. Stesheni yake ya vioo, iliyobuniwa kwa kufuata umbo la tanzanite, imesimama jirani na ile ya Wajerumani, na kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani hakiko mbali. Uamuzi huo nausifu kwa moyo wote: umeirudisha reli katikati ya watu. Lakini ukaribu wa ramani hautoshi. Kati ya treni na basi panahitajika njia pana yenye kivuli, isiyo na ngazi kwa mzee na mlemavu, yenye vibao vinavyosomeka, na tiketi moja inayokubalika kotekote.

Ninyi wanafunzi wa usanifu majengo mmefundishwa kuchora sura ya jengo kwanza. Nawaomba muanze na mama mwenye mtoto mgongoni na gunia mkononi: anashukia wapi, anapita wapi, anapandia wapi. Choreni njia yake yote, ndipo muinue kuta. Upana wa reli mbili za kwanza tuliurithi au tulilazimishwa na majirani. Hatua kati ya treni na basi ni zetu kuzipunguza, na mji utakaozipunguza ndio utakaokuwa umemjengea mwananchi.